Choo cha Arobaini na Mbili

Mume wangu Bushiri hawezi kukuambia kwamba mvua inanyesha bila kwanza kutafuta kina cha kati na kina cha mwisho. Ndiyo maana kisa hiki nakisimulia mimi. Tukimwachia yeye mtapewa beti thelathini, na mpaka ubeti wa kumi na tano mtakuwa hamjajua bado kwamba kinachozungumzwa ni choo.

Naam, choo. Asiyependa habari za choo aniache hapa hapa, tusije tukagombana mbele.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio asubuhi choo, redio jioni choo. Bushiri alikuwa Bwana Maendeleo wa kijiji kimoja upande wa Ubaruku, huku kwenye mpunga, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kaya inachimba choo cha shimo. Kaya zilikuwa ishirini na moja, yetu ikiwemo. Majirani zetu wengi walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, watu wakarimu, wasikivu, wanaopiga makofi vizuri. Kuchimba ndiko walikokuwa hawachimbi.

Sisi wawili ni watu wa Iringa mjini. Babu zetu walitoka pwani na biashara zao, wakapanda mlima, wakaona baridi, wakabaki hivyo hivyo. Baba yake Bushiri, Mzee Muhidini, ni fundi cherehani karibu na soko. Siku tulipopanda basi kuja huku, alimshika mwanawe bega akamwambia mbele yangu, "Bushiri, hayo mashairi yako yatakufukuzisha kazi." Mimi nilicheka. Bushiri hakucheka, na tangu siku ile kila alipofanya kazi yake alikuwa kama mtu anayebishana na baba yake.

Binti yetu Waridi alipofikisha miezi minne, mzee alikuja kumwona mjukuu. Alikuja na gauni dogo aliloshona mwenyewe, lenye marinda matatu, na kilo mbili za sukari. Alisema atakaa wiki nzima. Alilala usiku mmoja. Asubuhi nikiwa jikoni napuliza moto nilimwona ametoka nje na kopo la maji, akasimama, akatazama huku, akatazama kule, akarudi chumbani. Mara katoka na mfuko wake. "Nimekumbuka suruali ya mtu," akasema. "Anaitaka Ijumaa." Tulimsihi wee, hakusikia. Bushiri akamsindikiza mpaka barabara kuu, Igawa, akampandisha basi la Iringa.

Aliporudi uso ulikuwa umemshuka. "Ameniona jana mkutanoni ninavyoimba habari za nzi," akaniambia. "Ameona haya kuwa na mtoto kama mimi."

"Baba Waridi, mzee ana suruali ya mtu."

"Hakuna suruali, Mwanakhamisi. Kuna mimi."

Nilimwonea huruma siku tatu. Siku ya nne nilichoka, maana alikuwa anaandika mashairi ya huzuni kwenye daftari langu la kliniki.

Sasa mjue jinsi alivyofanya kazi. Bushiri hakuwa mvivu, na atakayesema alikuwa mvivu tutaonana. Alizunguka kijiji kizima kwa baiskeli, akafika kila nyumba, akasimama uani, akakohoa, akaanza kughani. Shairi la nzi, shairi la minyoo, shairi la kunawa mikono. Watu walitoka na vigoda wakakaa. Akimaliza walipiga makofi, wakampa maziwa, wakamwambia kesho aje tena. Kwa miezi minane alikunywa maziwa mengi. Vyoo vilikuwa tisa, na cha tisa kilikuwa chetu, tulikikuta na nyumba ya serikali.

Mwezi wa saba ulipokwisha alijaza fomu ya ofisini, akaandika tisa kama vilivyo, akaipeleka Mbeya. Hapo hakukosea. Kosa lilikuwa ile jioni, alipomaliza fomu akaona bado ana wino. Akaandika shairi, akalituma gazetini bila kunionyesha. Wiki iliyofuata dereva wa lori la mpunga akaja na gazeti amelinyanyua juu, "Bwana Maendeleo umetoka! Umetoka na jina lako!"

Ubeti uliotuletea balaa ni huu:

Mkubwa wangu wa kazi, naandika kwa adili,
Wanakijiji ni wazi, wamezinduka akili,
Vyoo wamechimba juzi, arobaini na mbili,
Maradhi hayatuwezi, afya sasa ni kamili.

Nilisoma mara mbili. "Arobaini na mbili?" nikamwuliza. "Bushiri, kijiji hiki kina kaya ishirini na moja. Hivyo vyoo vingine vimechimbwa na nani, na ng'ombe?"

Akakuna shingo. "Tisa haikuwa na kina. Mimi nilikuwa kwenye *li*."

"Ungeweka kumi na mbili."

"Kumi na mbili ina mizani tano." Akaanza kuhesabu kwa vidole, jamani, mtu mzima. "Ishirini na mbili, saba. Thelathini na mbili, saba. A-ro-ba-i-ni na mbi-li. Nane kamili! Ningefanyaje?"

"Ungeacha kuandika!"

"Ni shairi tu, Mama Waridi. Nani anahesabu vyoo kwenye shairi?"

Aliyehesabu alikuwa mkubwa wake wa kazi, Bwana Andendekisye wa Mbeya. Barua ilifika tarehe kumi na tatu mwezi wa nane. Ilikuwa fupi, haina kina hata kimoja. *Fomu yako inasema vyoo tisa. Gazeti linasema arobaini na mbili. Nitafika Jumamosi tarehe 25 kuvihesabu mwenyewe. Visipotimia, jiandae kukabidhi baiskeli na nyumba.*

Bushiri aliketi kitandani na barua magotini. Nilidhani atataja nyumba, au atamtaja Waridi aliyekuwa anatambaa hapo chini. Akasema, "Baba alijua." Ndicho kilichomuuma. Kufukuzwa kazi angeweza kuvumilia, angeuza hata maandazi. Ila kurudi Iringa, apite mbele ya ile cherehani na sanduku kichwani, mzee ainue macho amtazame tu bila kusema kitu, hilo lilikuwa linamuua akiwa hai.

Kisha akachukua kalamu. "Nitaandika shairi la kujikosoa."

"Beti ngapi?"

"Kumi na moja."

Nilimpokonya ile kalamu nikaichomeka kwenye nywele zangu, nikatoka nje, maana nilijua nikibaki nitasema maneno ya kujutia.

Nilienda kwa rafiki yangu Leokadia. Yeye ni mke wa mtoto wa Mzee Nyanda, na Mzee Nyanda ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale; asipochimba yeye, nusu ya kijiji haichimbi. Nilimkuta Leokadia anapepeta mpunga. Nikachukua ungo wa pili nikakaa naye, nikamwaga yote, gazeti, barua, baiskeli, nyumba. Alicheka pale kwenye mizani mpaka mpunga ukamwagika. Halafu alipoona sicheki akaanza kuuzoa.

"Leokadia," nikamwambia, "nisaidie kuelewa. Ninyi hamtaki choo kwa nini? Mmesikia ya nzi, mmesikia ya minyoo, mashairi mnayajua kwa moyo kuliko mimi."

Akainamisha uso kwenye ungo. "Choo tunataka, mayu." Ndivyo wanavyomwita mama, mayu. "Ila Bwana Maendeleo anasema kila nyumba choo kimoja."

"Ndiyo. Sasa?"

"Sasa baba mkwe akitoka mle, na mimi niingie? Nikutane naye mlangoni na kopo?" Aliponitazama macho yalikuwa yamejaa haya kweli kweli. "Kwetu hatufanyi hivyo. Bora porini. Porini kila mtu na njia yake."

"Na wale waliochimba?"

"Wamechimba kwa kumheshimu Bwana Maendeleo. Anaimba vizuri. Kwa jirani yetu Seni wanalaza kuku mle."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Tumwambie saa ngapi? Akija anaimba. Akimaliza tunapiga makofi, anakwenda."

Niliweka ungo chini. Kuna jambo lingine lilinipita moyoni pale, la jikoni kwangu na asubuhi moja, likanichoma hasa. Sikumwambia Leokadia, na nilipofika nyumbani sikumwambia Bushiri. Nilimwambia la Wasukuma tu.

Alinisikiliza mdomo wazi. "Miezi minane," akasema.

"Ulishawahi kumwuliza Mzee Nyanda kwa nini hachimbi?"

"Sikumwuliza." Akafikiri. "Nilimghania."

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Nyanda kwa miguu, bila daftari. Nilimfuata nyuma na Waridi mgongoni, maana simwamini. Alifika uani. Watu wakatoka na vigoda vyao kama kawaida, wakakaa wakisubiri. Bushiri akakohoa kwa mazoea, nikamkodolea macho, akamezea. Akachukua kigoda akakaa na yeye.

"Mzee wangu," akasema, "nimekuja kuuliza. Choo ukikitaka, kiwe wapi?"

Mzee Nyanda alikitazama kile kigoda. "Leo ndiyo mara ya kwanza unakaa," akamwambia. Kisha akainuka na fimbo yake, akatuonyesha. Kimoja huku nyuma ya zizi, cha wazee, mlango utazame mbugani. Kingine kule ng'ambo ya ghala, cha wakwe na watoto, mlango utazame mashamba. Njia zisikutane. Alikuwa ameshavipanga zamani kichwani mwake, mtu tu hakumwuliza.

"Kila nyumba viwili?" Bushiri akauliza. Nilijua anazidisha. Ishirini na moja mara mbili! Niliona midomo yake inacheza, nikajua na kina keshakipata, nikamkanyaga mguu.

"Viwili," akasema Mzee Nyanda. "Na wewe utachimba na sisi. Ila usiimbe mpaka tumalize. Ukiimba, vijana wanasimama kusikiliza."

Basi wakachimba. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, watu wana nafasi, lakini udongo wa Usangu kiangazi unaujua? Jembe linaruka. Walichimba kwa mitaimbo na sululu, wakamwagia maji, wakachimba tena. Wanawake tulikata fito na nyasi za kuezekea. Bushiri alitoka malengelenge mikono yote miwili, kalamu haikushikika hata angeitaka, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nilimsikia mara moja tu ndani ya shimo akighani chini kwa chini. Mzee Nyanda akainama akamdondoshea bonge la udongo, Bushiri akanyamaza.

Tarehe ishirini na tano asubuhi Landrova ya Mbeya ikafika. Bwana Andendekisye alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na wapole wa sauti ndio wa kuogopa. Ameshika fomu mkono mmoja na gazeti mkono wa pili. Hakutaka chai. "Tuanze," akasema.

Alifungua kila mlango. Alichungulia kila shimo, akapima kina chake kwa ufito, akaandika. Kijiji kizima kikawa nyuma yake kama msafara wa harusi. Bushiri alitembea pembeni, jasho linamtoka na jua halijapanda. Kwa Mzee Nyanda viwili. Kwa Seni viwili, kuku wametolewa. Tulikwenda hivyo nyumba baada ya nyumba mpaka tukafika kwetu, nyumba ya mwisho. Bwana Andendekisye akafungua choo chetu kile kile cha serikali, akafunga, akajumlisha.

"Arobaini na moja."

Watu wakatazamana. Jamani, walikuwa wamechimba viwili kila nyumba, na yule Bwana Maendeleo mwenyewe, mwenye kampeni, alihangaika na mashimo ya wenzake akasahau kwake. Nilimwona Bushiri anavyogeuka rangi.

"Kimoja tu," Mzee Nyanda akasema haraka. "Mkubwa, kimoja si kitu. Kilikuwepo, kimebomoka."

"Kimebomoka, kimebomoka," watu wakaitikia. Wangeapa wote. Bushiri angenyamaza tu pale, mambo yangekwisha.

Hakunyamaza. "Hakikubomoka," akasema. "Bwana Andendekisye, siku ninaandika lile shairi vyoo vilikuwa tisa. Arobaini na mbili niliiweka kwa sababu ya kina na mizani. Hawa watu hawakudanganya, nimedanganya mimi. Wamechimba hivi vingine vyote kwa siku kumi na moja, wameniokoa, na nisingependa waongezee na uongo."

Alisema hivyo bila shairi, maneno makavu, malengelenge mikononi. Nilikuwa nimeolewa naye miaka minne na sikuwahi kumpenda kama dakika ile. Nilitamani kulia, nikakumbuka nina kazi.

"Mkubwa," nikasema, "samahani. Hujafika nyuma ya nyumba."

Bushiri akanigeukia. Nikawaongoza kuzunguka ukuta, tukapita migomba, na pale kilikuwepo. Nilikichimba na Leokadia na wenzake wanne, saa za mchana Bushiri akiwa kwenye mashimo ya watu. Kidogo, kimenyooka, kimeezekwa nyasi mpya. Mlango wake unatazama mto. Njia yake inatokea chumba cha wageni moja kwa moja, haipiti jikoni kwangu.

Bwana Andendekisye akapima, akaandika. "Arobaini na mbili," akasema taratibu. "Lakini mama, hapa mko wawili na mtoto mchanga. Hiki ni cha nani?"

"Cha baba mkwe wangu," nikasema. "Yuko Iringa. Alikuja mwezi wa nne akalala siku moja akaondoka. Asubuhi alitoka na kopo la maji, njia ya chooni inapita jikoni, na jikoni nilikuwepo mimi."

Sikuwa namwambia yeye. Nilikuwa namtazama Bushiri. Niliona linavyomwingia, pole pole, kama mtu anayetua mzigo na bado haamini kwamba ameutua. "Kopo," akasema. "Ilikuwa ni kopo?"

"Ilikuwa ni kopo, Baba Waridi. Hakuna shairi lililomfukuza."

Akakaa chini pale pale kwenye majani ya migomba na kujifunika uso.

Bwana Andendekisye hakucheka. Alikunja gazeti akalitia mfukoni. "Kwetu Rungwe," akasema, "mke wa mtoto wangu akisikia sauti yangu njiani anapinda pembeni, anangoja nipite. Nimekua hivyo, nitazeeka hivyo. Na fomu hii nimeigawa mimi, choo kimoja kila kaya, na sikukumbuka." Akamtazama Bushiri kule chini. "Kazi yako unayo. Lakini gazetini utaandika tena useme ukweli ulivyokuwa. Na uandike maneno ya kawaida. Nikiona kina hata kimoja, nakuhamishia Chunya."

Akageuka kwa Mzee Nyanda na kina mama, akawaambia kwa lugha ya kwao Rungwe, "Ndaga fijo," asanteni sana, na sasa akakubali chai.

Ile barua ya gazetini ilimtesa Bushiri kuliko kuchimba. Mistari kumi ilimchukua siku sita, kwa sababu kila sentensi ilikuwa inataka kujipinda ifanane na ya juu yake. Mimi nilikaa karibu nikiwa mlinzi. Na wakati huo huo niliandika barua yangu mwenyewe kwenda Iringa. *Baba, shikamoo. Waridi anasimama. Tumejenga choo cha pili, ni chako, kiko nyuma kabisa upande wa mto. Mimi nikiwa jikoni sioni huko wala sisikii.*

Alikuja mwezi wa tisa. Alishuka Igawa, akapata lori la mpunga, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Safari hii gauni lilikuwa na marinda manne. Baada ya kula aliingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi mbili za gazeti zilizokunjwa mpaka zimeanza kukatika. Moja ni shairi. Ya pili ni ile barua kavu.

"Hili," akasema akigusa shairi, "nimewasomea wateja wote. Hata wasiotaka." Akagusa barua. "Na hii nimewasomea msikitini."

Bushiri akataka kusema kitu. "Baba, ulipoondoka ile mara, mimi nilidhani..."

"Niliondoka kwa ajili ya suruali," mzee akasema kwa ukali. "Nilikwambia. Suruali ya mtu."

"Ndiyo, baba."

Alikaa siku kumi na tisa, akashona nguo za nusu ya kijiji kwa mkono. Siku ya pili asubuhi nilikuwa jikoni napuliza moto. Nilisikia mlango wa chumba cha wageni, kisha ndara zinaburuzika kuelekea migombani, na maji yanacheza kwenye kopo. Halafu nikasikia sauti ya kizee inaghani pole pole, mtu anayedhani yuko peke yake, *vyoo wamechimba juzi, arobaini na mbili*, na akifika kwenye mbili anaivuta kabisa.

Bushiri alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, hapumui. Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Mimi nilishamwandikia mzee kwamba huku jikoni hatusikii kitu.